Mwanafunzi Mmoja, Miswada Miwili



Leo nina neno kuhusu watu ambao redioni hawasikiki sana: wanafunzi wa shahada ya umahiri na ya uzamivu katika fasihi. Anayesomea udaktari wa binadamu, mtaa mzima unamwelewa. Mhandisi vivyo hivyo. Lakini huyu anayetoka asubuhi na riwaya mbili na daftari, akarudi jioni na riwaya zile zile, watu humtazama tu. Shangazi humwuliza, "Hivi mwanangu, unasomea nini hasa huko?" "Fasihi, shangazi." "Haya." Na hiyo "haya" ni ya kufunga mjadala.

Mimi naona shangazi ana haki ya kujibiwa. Kodi yake imo katika mishahara ya wahadhiri, na pengine ng'ombe wake mmoja aliishia kwenye ada. Basi twende naye maktaba, akaone kinachoandikwa.

Katika maktaba za vyuo vyetu vikuu kuna sehemu ya tasnifu. Ni majalada magumu, meusi au ya buluu, jina la mwandishi limechapwa mgongoni kwa herufi za dhahabu. Vuta moja. Kwanza utakuta ithibati, na saini ya msimamizi. Kisha tamko na hakimiliki. Kisha tabaruku, kwa mama mzazi au kwa mume aliyevumilia. Halafu shukurani, na mara nyingi hapo ndipo penye Kiswahili kitamu kuliko kurasa zote zinazofuata, kwa kuwa ndipo mwandishi anapozungumza na watu anaowajua kwa majina. Baada ya hapo sauti inabadilika. Unaingia sura ya kwanza: usuli wa tatizo, tamko la tatizo, lengo kuu, malengo mahususi matatu, kisha maswali ya utafiti, ambayo ni malengo yale yale matatu yaliyotiwa alama ya kuuliza. Sura ya pili ni mapitio ya maandiko. Fulani alisema hivi, fulani akasema vile, ila hakuna aliyeichunguza riwaya hii kwa kutumia nadharia hii. Kwa hiyo pengo limepatikana. Sura ya tatu inatwambia kwamba eneo la utafiti lilikuwa maktaba, na kwamba sampuli ni riwaya mbili zilizopatikana kwa usampulishaji lengwa. Ya nne ni uchambuzi. Ya tano ni hitimisho na mapendekezo, na pendekezo la mwisho ni kwamba utafiti zaidi ufanyike.

Sisemi muundo huo ni mbaya. Mwanafunzi anayeanza anahitaji reli za kumshika asianguke. Lakini tazama ulikotoka. Haya mambo ya sampuli, eneo la utafiti na ukusanyaji wa data yametoka kwa wenzetu wa sayansi za jamii, ambao kweli hulazimika kuchagua kaya mia mbili katika kaya elfu kumi. Mtu anayesoma riwaya mbili hana sampuli. Ana riwaya mbili. Angesema tu kwamba amezichagua kwa kuwa zimemkosesha usingizi, angekuwa amesema kweli, na mimi msomaji ningekaa sawa kwenye kiti. Na lile neno "teule"! Usawiri wa mwanamke katika riwaya teule, dhamira za ukombozi katika tamthilia teule, matumizi ya methali katika diwani teule. Aliyeziteua nani, na kwa nini hizo? Tasnifu nyingi hazisemi.

Na hilo pengo nalo. Kwamba jambo halijawahi kuchunguzwa si sababu ya kulichunguza. Hakuna aliyewahi kuandika tasnifu kuhusu idadi ya mbuzi katika riwaya za Kiswahili, na tunaishi.

Chanzo cha matatizo yote haya, kwa maoni yangu, ni hadhira. Tasnifu inaandikiwa watu watatu: msimamizi, mtahini wa ndani na mtahini wa nje. Mtu akijua atasomwa na watatu, tena watatu wenye kalamu nyekundu, ataandika kwa kujikinga. Atasema "inaonekana kwamba", "kwa mujibu wa fulani", "kwa namna moja au nyingine". Kila sentensi imevaa koti la mvua. Ndiyo maana nasema mwanafunzi wa fasihi anafundishwa kila kitu kuhusu balagha, ule ufundi wa kumteka msikilizaji kwa maneno, isipokuwa kuitumia.

Lakini sikuja hapa kulalamika tu. Nimekuja na swali, na swali lenyewe ni hili: kwa nini mwanafunzi wa fasihi mwenye kipaji cha kutunga analazimika kukificha kipaji hicho mpaka atakapohitimu? Karibu kila idara utamkuta kijana mwenye miswada miwili. Mmoja uko mezani, ni tasnifu. Wa pili uko kwenye kompyuta, ndani ya faili lenye jina la kupotezea watu, nao ni riwaya. Akithubutu kumwambia msimamizi, "Mwalimu, mimi nilitaka kuandika riwaya," jibu ni la upole na linajulikana: "Maliza kwanza tasnifu. Riwaya utaandika baadaye, hakuna atakayekuzuia." Mwalimu ana nia njema. Tatizo ni kwamba baada ya tasnifu huja ajira, na baada ya ajira huja kusahihisha mitihani ya wanafunzi mia tatu.

Sasa nimtaje mtu mmoja ambaye miswada yake yote miwili tunayo, tukaitazama kwa karibu.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944. Alipokuwa akiandika tasnifu ya umahiri katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tasnifu ya mwaka 1976 yenye jina Shaaban Robert: Mwandishi wa Riwaya, hakuwa mtoto mdogo katika fani. Alikwisha kutoa Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya iliyopigwa marufuku shuleni na kwa hiyo ikasomwa sana. Alikwisha kutoa Kichwamaji na diwani ya Kichomi mwaka 1974, na Dunia Uwanja wa Fujo mwaka uliofuata. Yaani mwanafunzi aliyekaa mbele ya watahini alikuwa na riwaya tatu na diwani moja, na diwani hiyo ilikuwa imewasha moto nchi nzima kwa sababu ya kuacha vina na mizani. Wazee wa ushairi walikuwa wanamwandama magazetini na kwenye makongamano. Na yeye, badala ya kuandika tasnifu ya kujitetea, akaenda kumsoma mzee. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, ndiye aliyekuwa mlingoti wa fasihi iliyotangulia. Kijana anayetuhumiwa kuwavunjia heshima wakubwa alikaa chini akamchambua mkubwa wa wakubwa kama mwandishi wa riwaya, kazi kwa kazi. Huo mimi nauita uchaguzi wa mada. Mtu alikuwa na haja na jambo hilo. Alitaka kujua alikotoka kabla hajaamua aende wapi.

Miaka michache baadaye alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, na mwaka 1985 akakamilisha tasnifu ya uzamivu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Hoja yake, nikiieleza kwa ufupi na kwa lugha ya redio, ni kwamba vyombo tunavyotumia kuifasiri fasihi ya Kiafrika tumevikopa pamoja na falsafa iliyovizaa, falsafa inayomtenga anayejua na kinachojulikana, mtu huku na ulimwengu kule. Ukishakopa nyundo hiyo utapigilia misumari ile ile. Alitaka ipatikane njia nyingine ya kusema, lugha isiyotenga.

Hapo ndipo panaponivutia. Tasnifu ikaisha, ikajaladiwa, ikawekwa rafuni. Lakini hoja haikuisha. Mwaka 1990 ikatoka Nagona, na mwaka 1991 Mzingile. Aliyekuwa amezoea Kezilahabi wa Rosa Mistika, mwenye kijiji unachokijua, baba mlevi unayemjua na binti unayeweza kumhurumia, alifungua Nagona akadhani amepewa kitabu kilichofungwa vibaya kiwandani. Msimulizi hana jina. Anasafiri, na hujui anatoka wapi. Majina ya wanafalsafa wa Ulaya, kina Plato na Nietzsche, yanajitokeza humo kama watu wa kukutana nao njiani. Wakati unakunjika. Kitu kinachofukuzwa hakishikiki. Ni riwaya fupi, unaweza kuimaliza jioni moja, kisha ukakaa nayo mwaka mzima. Ile lugha isiyotenga ambayo tasnifu ya 1985 ilisema inahitajika, riwaya ya 1990 iliijaribu kwa vitendo. Na kwa maoni yangu riwaya ilifika mbali zaidi, kwa sababu tasnifu ililazimika kuipinga falsafa ya Ulaya kwa kutumia mbinu na lugha ya falsafa hiyo hiyo, tanbihi na marejeleo na kila kitu. Riwaya haikuwa na deni hilo.

Leo wanafunzi wetu wanaandika tasnifu kuhusu Nagona na Mzingile, na si chache. Nasi tunajua kwamba mwanafunzi wa uzamivu akiipeleka Nagona yenyewe kwa kamati kama tasnifu, atarudishiwa siku hiyo hiyo na karatasi ya kumkumbusha muundo wa sura tano.

Kezilahabi hakuwa peke yake. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Leeds, Uingereza, mwaka 1964, kufanya utafiti kuhusu fasihi ya visiwa vya Karibi, hasa kazi za George Lamming. Shahada hakuimaliza. Alichotoka nacho ni A Grain of Wheat, iliyochapishwa mwaka 1967. Baadhi ya yale aliyoyafikiri kuhusu Wakaribi yakaja kuonekana katika kitabu chake cha insha, Homecoming, mwaka 1972. Kwa daftari la chuo huyo ni mwanafunzi aliyeshindwa kukamilisha. Sijui chuo gani leo hakingependa kushindwa namna hiyo. Okot p'Bitek wa Uganda alikaa Oxford akaandika tasnifu kuhusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango. Mwaka 1966 ikatoka Song of Lawino, ambayo sisi tulikuja kuipata kama Wimbo wa Lawino kwa mkono wa Paul Sozigwa, mtu ambaye wasikilizaji wa makamo wanamkumbuka kwa mambo ya utangazaji. Lawino anaposimama kumsuta mumewe msomi, nyimbo alizozichambua Okot Oxford ndizo zinazompa pumzi. Abdulrazak Gurnah wa Unguja alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982 kwa tasnifu kuhusu vigezo vya kuhakiki riwaya za Afrika Magharibi, na riwaya yake ya kwanza ikachapishwa miaka mitano baadaye. Tuzo ya Nobeli aliyopewa mwaka 2021 haikutolewa kwa tasnifu.

Nyumbani nako, miaka ya 1980 mwanzoni, Penina Muhando Mlama alikuwa akiandika tasnifu ya Dar es Salaam kuhusu sanaa za maonyesho za Wakaguru kama shule ya jamii, na Amandina Lihamba alikuwa akielekea kumaliza ya Leeds kuhusu siasa na tamthilia baada ya Azimio la Arusha. Ni katika miaka hiyo hiyo walipoungana na Ndyanao Balisidya wakaandika Harakati za Ukombozi, iliyotoka mwaka 1982. Utafiti na jukwaa vilikuwa vinalala chumba kimoja.

Msikilizaji mmoja makini hapo alipo anasema: unatuchagulia majina makubwa tu. Kweli kabisa. Waliozama siwajui, na pengine ni wengi kuliko walioibuka. Lakini hata hao wakubwa wananionyesha jambo moja: kazi ya utafiti ilipokuwa na faida kwao, ilikuwa kwa sababu waliiendea na swali lao wenyewe.

Nisije nikaeleweka kwamba nadharau tasnifu za uhakiki mtupu. Hapana. Nina mapenzi makubwa na tasnifu moja ya mwaka 1986, ya Mugyabuso Mulokozi, iliyoandikwa Dar es Salaam kuhusu tendi za enanga za Wahaya. Enanga ni chombo cha nyuzi, ubao uliochongwa kama kihori, uzi ukipitishwa juu yake kwenda na kurudi. Mwenye kukipiga ndiye mwimbaji na ndiye msimulizi. Wakati huo palikuwa na wataalamu wa Ulaya waliokuwa wamesema Afrika haina utendi. Palihitaji mtu wa kwenda Kagera, akaketi na wapigaji wenyewe, akarekodi, akanukuu neno kwa neno, akapima urefu, akatazama jinsi mwimbaji anavyobadilisha kisa wasikilizaji wakimchachamalia, kisha arudi aulize: hiki kisipokuwa utendi, ni nini? Hiyo ni tasnifu yenye adui. Inajua inabishana na nani na kwa nini. Na Mulokozi huyo huyo ndiye aliyetuandikia Ngome ya Mianzi, kisa cha Wahehe na Wajerumani, kilichosomwa na watoto wengi wa shule ambao hawajui kwamba profesa huyo alianza kwa kufukuzana na wapiga enanga vijijini.

Kazi ya aina hiyo bado iko tele, tena mlangoni kwetu, na hapa naomba mnivumilie maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Tunayo mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, kwa sababu watu wawili, Mwalimu Sikujua na mmisionari William Taylor, waliyakusanya kutoka midomoni na kuyaandika baadaye katika karne ile. Wasingefanya hivyo, yale majibizano ya Mombasa na Lamu na Unguja, siasa nzima ya pwani iliyopiganwa kwa beti, yangezikwa na wazee. Sasa niambie nani anayakusanya majibizano ya leo? Nani ameketi kwenye mnada wa mitumba akamnukuu dalali kwa saa nzima, akatazama jinsi anavyopandisha sauti, anavyomchagua mteja mmoja na kumtania mpaka anatoa pesa kwa aibu? Nani amemsikiliza mpiga debe wa stendi, shekhe wa mawaidha, mhubiri wa barabarani na mgombea udiwani, akawaweka pamoja kama mafundi wa kazi moja? Kanga zimeandikiwa, lakini bado kazi ipo. Salamu za redioni hizi, ambazo watu wa vyuo wanazicheka, zina taratibu zake, zina majina ya kujipachika, zina mafumbo ya watani na ya wagoni. Mwanafunzi wa balagha akija hapa studio na daftari hatutamfukuza. Chai ipo.

Kimani Njogu wa Kenya alikwisha kuonyesha njia. Kitabu chake cha 2004 kinausoma ushairi wetu kama majibizano, shairi moja likilijibu jingine, badala ya kulichukua shairi moja na kulipasua mezani kama chura. Mkondo huo unahitaji watu kumi zaidi.

Na kuna aina nyingine ya uhusiano baina ya utafiti na utunzi ambayo tunaisahau, nayo ni tafsiri. Ida Hadjivayanis alifanya uzamivu wake London, katika chuo cha SOAS, kuhusu tafsiri za Kiswahili za nathari hapa Tanzania: wafasiri wetu walikuwa wanafuata kaida gani, walibakiza nini, walitupa nini. Mwaka 2022 ikatoka Peponi, tafsiri yake ya riwaya ya Gurnah. Ukitaka kujua tasnifu ina faida gani, fungua Peponi usome mazungumzo ya wafanyabiashara wa msafara kwa sauti. Ni mtu aliyekaa miaka akichunguza makosa na ushujaa wa wafasiri waliomtangulia, ndipo akashika kalamu. Huyo angeweza kumjibu shangazi kwa kumpa kitabu tu.

Turudi kwenye swali letu. Je, riwaya, diwani au tafsiri ipokelewe kama tasnifu?

Kwa wengine hilo ni jambo la zamani. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilikubali kazi za ubunifu kama tasnifu tangu mwaka 1922, na warsha yake maarufu ya waandishi ikaanza mwaka 1936. Uingereza walichelewa; East Anglia ilifungua shahada ya umahiri ya uandishi mwaka 1970, na mwanafunzi wa kwanza alikuwa mwandishi wa riwaya Ian McEwan. Sisemi tuige. Iowa ina mambo yake, na kuna watu wengi wanaolalamika kwamba shule hizo zimezaa waandishi wanaofanana. Kwetu hatari ingekuwa nyingine, na nitaisema wazi: kwamba riwaya itakuwa njia ya mkato kwa asiyetaka kusoma. Mtu ataandika kurasa mia za mapenzi ya chuoni, atadai shahada.

Jibu langu ni kwamba mlango huo una ufunguo wake, na wala si siri. Mwanafunzi analeta kazi ya utunzi pamoja na insha ndefu ya uhakiki. Katika insha anaeleza anasimama wapi katika mkondo wa fasihi yake: nani alimtangulia, amekopa nini, ameasi nini, na kwa nini sura ya saba inasimuliwa na marehemu. Anatetea mbele ya jopo kama wengine. Mtahini mmoja awe mhakiki, wa pili awe mtunzi. Na mtunzi huyo si lazima awe na shahada. Hapa nasisitiza. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki gerezani, kwenye karatasi za chooni. Yakachapishwa mwaka 1973, mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Yeye mwenyewe alipotoka gerezani alikuja kufanya kazi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Dar es Salaam, baadaye akafundisha London na Leipzig. Hakupitia njia ya tasnifu. Ni nani katika sisi angethubutu kumwambia hafai kumtahini mwanafunzi wa ushairi? Wapo malenga Pemba na Tanga na Lamu ambao wakisikilizishwa ubeti mmoja wenye kasoro, wanakunja uso kabla hujamaliza kituo. Waitwe. Walipwe posho ya mtahini kama profesa analipwa, na nauli ya kuja na kurudi.

Nimewahi kusikia pingamizi jingine, na hili lina uzito: kwamba utunzi haupimiki. Utampaje mtu alama kwa riwaya? Lakini hawa wanaouliza hivyo ndio wale wale wanaofundisha uhakiki, na uhakiki maana yake nini kama si kupima kazi ya utunzi? Miaka yote wanawaambia wanafunzi riwaya fulani imefaulu kifani na fulani imepwaya. Wanawafundisha kutambua muhusika bapa. Wanatoa hukumu hizo kwa vitabu vya watu waliokufa, ambao hawawezi kukata rufaa. Mwandishi aliye hai, aliyekaa mbele yao na koti la kuazima, akisubiri, ghafla hapimiki? Wenzao wa sanaa za maonyesho, katika vyuo hivyo hivyo, wanapima igizo jukwaani, wanatoa maksi, na dari halijaanguka.

Wapo pia wanaosema tuzo zinatosha. Tunazo, nashukuru. Ile ya fasihi ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati na Cornell, na Tanzania sasa ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Tuzo ni nzuri kwa mswada uliokamilika. Lakini mtu wa kukaa na wewe juu ya sura ya tatu, akakwambia huyu mama uliyemwandika ni karatasi tupu, rudi nyumbani ukasikilize jinsi mama yako anavyonyamaza akikasirika, huyo tuzo haikupi. Huyo anaitwa msimamizi. Vyuo vikuu vimejaa watu hao, wana mishahara, wana ofisi, wamesoma riwaya zote tunazozijua. Kinachokosekana ni kifungu kimoja katika kanuni za shahada za juu, na kikao cha seneti cha kukipitisha.

Nafahamu kwamba baadhi ya walimu wanaonisikiliza wako kwenye vikao hivyo. Sitawataja. Ila kuna mwanafunzi wenu ambaye leo jioni, akishamaliza kurekebisha mapitio ya maandiko kwa mara nyingine, atafungua lile faili la pili. Mwulizeni siku moja lina kurasa ngapi.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha vidole. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitawaletea habari za washairi wa magazetini waliotukanana kwa vina miaka mingi bila kuonana uso kwa uso.